Rangi ya injini inabanduka, inalainika, inajikunja: namna ya kujua kosa liko wapi (Land Rover na ndugu zake)

Oktoba 2024 tulikuwa tunajiandaa kwenda Arusha kwenye Land Rover Festival, na mi nina 109 Series III ya petroli, ile injini ya 2286 cc, bloki chuma na hedi chuma, gari alilotuachia mzee. Wiki mbili kabla ya safari nikawaza boneti likifunguliwa kule mbele za watu nitaaibika, maana injini ilikuwa nyeusi kwa oili na vumbi la miaka, basi tukaishusha nikampa fundi rangi mmoja nikamwambia we ifanye ing'ae. Ikang'aa kweli. Tumefika Mombo tumesimama kula, nafungua boneti nicheki maji, nakuta ubavuni chini ya kabureta rangi imelainika kama ulimbo, nikipitisha kidole inakuja nayo, na kule nyuma karibu na giaboksi imeinuka vipande vipande kama magamba ya samaki. Na hapo ilinunuliwa rangi ya bei mbaya kuliko zote pale dukani, kopo limeandikwa nyuzi 650!

Toka siku hiyo ile injini nimeipaka mara mbili tena kwa mkono wangu, nimemsaidia jirani mwenye Peugeot 504 na mshikaji mwenye Datsun, na katikati hapo nimekosea karibu kila kinachokosewa. Kwa hiyo naandika kwa kufuata dalili, we angalia ya kwako inafanana na ipi, ila anza na hiki cha kwanza hata kama unajiona unajua tayari.

Geuza ganda kwanza

Kabla hujanunua chochote wala hujamlaumu mtu, chukua kipande cha rangi kilichobanduka, kile kikubwa kikubwa, kigeuze uangalie mgongo wake kwenye mwanga, halafu angalia na pale kilipotoka. Dakika mbili tu na nusu ya ubishi imeisha. Mgongo ukiwa msafi unateleza, na chuma chini kina ule unyevunyevu wa mafuta, hiyo rangi haikuwahi kushika hata siku moja, ilikuwa imekaa tu juu ya oili. Mgongo ukiwa na unga wa kahawia, ulipaka juu ya kutu. Ukikuta praima (ile rangi ya chini ya kushikia) bado imeng'ang'ania chuma na kilichotoka ni rangi ya juu peke yake, basi hizo mbili hazipatani, au praima uliiacha ikakaa siku nyingi ikawa ngumu kama kioo na hukuipitisha msasa kabla ya rangi.

Na kama haibanduki bali inalainika, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe petroli kidogo (injini ikiwa ya baridi jamani, na waya wa betri umetolewa), sugua sehemu moja mara kumi hivi. Kitambaa kikichukua rangi, ama rangi haijaiva ama ni aina isiyovumilia petroli.

Yangu ilikuwa na magonjwa mawili kwa mpigo, oili kule nyuma na rangi mbichi huku ubavuni, na ndio maana tulibishana sana na fundi, kila mtu alikuwa anaangalia upande wake.

Rangi inabaki laini, na kopo limeandikwa nyuzi 600 na kitu

Hapa ndo wengi tunapigwa, na tunajipiga wenyewe. Tunaingia dukani tunatafuta namba kubwa, tunasema injini si inachemka, nipe inayovumilia moto kuliko zote. Sasa hebu fikiria joto lenyewe. Maji ya injini iliyo nzima yanacheza kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi, thamostati kazi yake ndo hiyo, kwa hiyo ngozi ya nje ya bloki haiendi mbali na hapo, inapanda zaidi kwenye hedi pale yanapotokea matundu ya ekzosi. Kinachofika nyuzi mia nne, mia tano na kupita ni manifoldi ya ekzosi, na hicho ni chuma kingine kabisa kina rangi yake.

Zile rangi za nyuzi 600 na kuendelea nyingi ni za silikoni, na kitu ambacho muuzaji hakuambii (pengine hata yeye hajui) ni kwamba haziivi kwa hewa. Zinakauka ukigusa hazinati, unadhani tayari, kumbe zinasubiri moto. Chukua VHT Flameproof kwa mfano, hiyo kopo lake linakupa nyuzi 704 hadi 1093 za Selsiasi, ila soma maelekezo nyuma: ipashe nusu saa kwenye nyuzi 121, iache ipoe nusu saa, ipashe nusu saa kwenye 204, ipoe tena, halafu nusu saa kwenye 316. Bloki ya Land Rover itafika lini nyuzi 316? Siku ikifika huko hutakuwa na shida ya rangi tena, utakuwa unatafuta injini. Basi rangi inabaki mbichi miaka yote, kabureta ikidondosha petroli mara moja tu inayeyuka, na mkono wa fundi wenye dizeli unaacha alama za vidole kama polisi wamekupima.

Kwa bloki na hedi ya chuma tafuta kopo lililoandikwa "engine enamel", yaani enameli ya injini. VHT ya aina hiyo inavumilia mpaka nyuzi 288, Dupli-Color mpaka 260, na hizo zinatosha na chenji inabaki. Cha muhimu zaidi, zimetengenezwa zikijua zitamwagikiwa oili na petroli, na kuiva kwake ni kwa joto dogo, hiyo ya VHT inataka nyuzi 93 kwa dakika 20, joto ambalo injini yenyewe inalifikia ukizunguka nayo mtaani.

Kama umeshapaka ile ya nyuzi 650 kwenye bloki, samahani, hamna dawa ya kuokoa. Usithubutu kupaka enameli juu yake. Babua yote mpaka chuma.

Inatoka magamba: oili iliyomo ndani ya chuma

Bloki ya zamani imemwagwa kwenye kalibu, uso wake una vitundu vidogo usivyoviona, na vitundu hivyo vimekunywa oili miaka arobaini. Ukiiosha ikiwa baridi inaonekana safi hata ukipitisha kidole, ila ukiiwasha ikapata moto inaanza kutoa jasho, na hilo jasho linasukuma rangi kutoka ndani. Ndio maana inashika vizuri wiki nzima gereji halafu inabanduka safari ya kwanza ndefu.

Fundi wangu aliosha kwa dizeli na brashi, akafuta, akapaka. Dizeli na mafuta ya taa ni nzuri kwa kulainisha ule uchafu mgumu wa mwanzo, lakini zenyewe ni mafuta, zinaacha utando. Hiyo ni hatua ya kwanza, haiwezi kuwa ya mwisho. Mimi siku hizi nafanya hivi: nakwangua donge kubwa kubwa kwa bisibisi bapa na brashi ya waya, naloweka na mafuta ya taa, nasugua, halafu maji ya moto na sabuni, ya unga au ya kuoshea vyombo, mara mbili, nasuuza mpaka maji yanatoka meupe. Kabla ya hapo matundu yote yameshazibwa, ya plagi, ya kabureta, ya dipstiki, ya wota pampu, na kila kitambaa nilichochomeka kina mkia mrefu unaoning'inia nje, maana kuna jamaa alisahau kitambaa kwenye njia ya maji na alikuja kukikumbuka injini imeshachemsha.

Ikishakauka naipasha. Jua la saa saba mchana linatosha kama huna hitigani (ile bunduki ya kupuliza hewa ya moto). Inatoa jasho, nalifuta kwa asetoni au thina nzuri na kitambaa cheupe, nabadilisha kitambaa, napasha tena, nafuta tena, mpaka kitambaa kinatoka kama kilivyoingia. Injini yangu ilikula vitambaa vya fulana nne.

Kipimo cha mwisho ni maji. Rushia maji safi ubavuni: yakitanda sawasawa chuma kimekubali, yakijikusanya matone yanaviringika kama kwenye jani la magimbi, bado kuna oili, rudi nyuma. Baada ya kipimo hicho usiende kunywa chai. Chuma kitupu kilicholowa, hasa huku Dar, kinaota kutu unakiangalia, unaona kabisa rangi ya chungwa inatambaa. Puliza kwa kompresa, futa na asetoni, paka siku hiyohiyo.

Halafu kuna hili ambalo watu wanaliruka. Rangi inabanduka sehemu ileile kila mara, mfano nyuma ya hedi au chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya hedi), hata ukisafisha vipi. Hiyo sio rangi bana, injini inavuja. Najua Land Rover ikiacha kuvuja ndo tunaogopa kwamba oili imeisha, lakini uvujaji unashughulikiwa kabla ya rangi na sio baada. Safisha hiyo sehemu, nyunyizia poda ya mtoto, washa injini iende robo saa, kisha chungulia na tochi. Poda itakuonyesha mstari mwembamba mweusi unapoanzia. Badilisha gasketi, ndo uendelee na mapambo.

Ilikuwa nzuri, umepuliza koti ya pili ikajikunja kama malai ya maziwa

Hii inatisha ukiiona kwa mara ya kwanza, rangi inainuka mbele ya macho yako inajikunyata. Koti ya kwanza imekauka juu ila ndani bado laini, thina ya koti ya pili inapenya inaivimbisha, haina pa kwenda inajikunja. Makopo mengi ya enameli ya injini yameandika sheria yake kwa herufi ndogo: rudia ndani ya saa moja, la sivyo subiri siku saba. Ile katikati ndo shimo. Mimi nilipaka jioni, umeme ukakatika, nikarudi asubuhi saa mbili na kompresa yangu nina furaha zangu, nikaharibu upande mzima.

Ikishajikunja acha. Usipulizie nyingine kufunika, utaongeza makunyanzi. Subiri siku saba zipite, kwangua na msasa namba 320 ile sehemu mpaka iwe tambarare, futa, rudia koti nyembamba. Kama imejikunja mpaka chini kabisa basi babua hapo.

Sababu nyingine ya kujikunja ni kuchanganya familia, umepaka rangi ya mafuta ya kawaida (ile ya milango na mageti) halafu juu yake ukaweka rangi yenye thina kali ya magari. Rangi ya mafuta chini ya thina kali haiponi. Kinyume chake mara nyingi hakina neno, ila mi nasema kaa na familia moja kutoka praima mpaka juu, ukiwa hujui rangi iliyopo ni ipi dondosha thina kwenye kona iliyojificha, subiri dakika moja uone.

Malengelenge

Toboa moja kwa sindano. Likitoa maji, kulikuwa na unyevu au chumvi chini, umepaka chuma hakijakauka au umesuuza na maji ya kisima ya chumvi. Likitoa mafuta, soma tena kule juu. Likiwa kavu tupu ndani, ulipuliza nene halafu ukawasha injini haraka, thina iliyonaswa ikachemka ikatafuta njia. Koti nyembamba tatu, dakika kumi kumi katikati, kopo sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye chuma. Usimwage koti moja nzito kwa sababu umechoka.

Na malengelenge yenye michirizi ya kahawia kuzunguka yale mabati ya duara ubavuni mwa bloki, plagi za maji, hayo tena hayana uhusiano na rangi. Bati linaoza kutoka ndani kwa sababu ya miaka ya kujaza maji ya bomba bila kuleanti (dawa ya maji ya radieta). Ukilipaka rangi litatoboka likiwa na rangi nzuri. Ng'oa, gonga mpya, weka kuleanti.

Imegeuka njano au kahawia kwenye hedi

Rangi nyeupe, krimu na kijani hafifu zinaonyesha moto haraka, pale karibu na matundu ya ekzosi zinaungua taratibu. Kwenye 2286 manifoldi ya kuingiza na ya ekzosi zimekaa upande mmoja, moja juu ya nyingine, kwa hiyo upande huo ni jiko. Angalia kwanza kama gasketi ya manifoldi inapuliza, utaona masizi meusi na utasikia ule mlio wa tik tik ikiwa ya baridi, maana moto unaovuja hapo hakuna enameli itakayoushinda. Kama haipulizi, kubali tu kwamba sehemu hiyo itabadilika, au chagua rangi ya giza kidogo.

Kuhusu rangi ipi ni ya asili, kila kiwanda kilikuwa na yake na wenye magari wanajuana kwa hizo, Chevrolet chungwa, Ford za Marekani kuanzia 1966 bluu, Datsun 240Z (ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973) bloki yake bluu. Kama unalenga mashindano mfano Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse Nairobi, ambako majaji wanachungulia gari kila upande, tafuta kipande cha rangi ya kiwandani kilichojificha, mara nyingi kipo nyuma ya braketi ya alteneta au chini ya wota pampu ambapo jua na brashi hazijafika, upeleke kwa wanaochanganya rangi wakulinganishie. Kama ni gari la kutembelea tu, paka unayoipenda.

Aluminiamu inakataa rangi

Peugeot ya jirani, bloki ilitoka poa, hedi ikabanduka shuka nzima kama ngozi ya nyoka. Hedi ya 504 ni aluminiamu. Hata kwenye Land Rover yangu, ambayo unasema yote chuma, kava la mbele la taiming na nyumba ya flaiwili ni aluminiamu. Aluminiamu inajifunika utando wake wa oksaidi muda wote, na rangi inashika utando badala ya kushika madini. Inataka kukwaruzwa, halafu ile praima ya asidi mafundi wanaita echi, koti moja nyembamba inayoonyesha chuma kwa chini, ndo rangi. Ila usiweke epoksi (praima nyingine, ya kuchanganya na dawa ya kuigandisha) juu ya echi, epoksi nyingi hazipatani na hiyo asidi, chagua moja.

Swali la mapema zaidi ni je, kuna haja? Sehemu nyingi za aluminiamu zilitoka kiwandani hazina rangi. Ile V8 ya Rover kwenye Range Rover za zamani bloki yake nzima ni aluminiamu na ilikaa wazi. Kobe vilevile (VW Beetle), kasha lake ni la magnesiamu na silinda zina mapezi ya kupozwa na upepo, ukiyajaza rangi nene umelivalisha koti la baridi mchana wa Februari.

Na tahadhari moja kubwa: watu wanaoloweka vyuma kwenye kostiki soda kubabua rangi. Kwa chuma inafanya kazi vizuri sana, aluminiamu inaliwa kabisa, inachemka na kutoa haidrojeni, ukirudi asubuhi kava la taiming limekuwa jembamba kama chapati. Haidrojeni inawaka pia, kwa hiyo mvuta sigara akae mbali.

Ukungu mweupe, au inakwaruza kama msasa

Ukungu kama maziwa juu ya rangi ni unyevu wa hewa. Thina inapopaa inapoza uso wa chuma, mvuke unaganda juu yake. Dar na Tanga na Mombasa hii ni kawaida asubuhi na baada ya mvua, subiri mpaka saa nne au tano asubuhi hewa ikauke, na chuma kiwe na joto la mkono. Ikikwaruza kama msasa ni kinyume, umepuliza kwa mbali au kwenye upepo na jua kali, matone yamekauka hewani kabla ya kufika. Vyote viwili vinarekebishika kwa msasa namba 600 na koti nyingine, ukizingatia ile saa moja au siku saba.

Vipi rangi za bei rahisi, na vipi 2K

Ntasema kitu kitakachowaudhi wenye makopo ya nje. Rangi ya mafuta ya kawaida, hata ile ya matrekta, ikipakwa kwa brashi juu ya chuma kilichosafishwa kweli, inakaa kwenye bloki muda mrefu kuliko unavyodhani. Inapoteza mng'ao, inageuka geuka, petroli ikikaa juu inalainisha, lakini haibanduki. Enameli ya bei kubwa juu ya oili inabanduka wiki ya kwanza. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kimoja tu, nunua asetoni nyingi na rangi ya kawaida. Ile silva ya mageti ambayo wauza injini wanapaka kila kitu mpaka mipira na mikanda, hiyo nayo inavumilia moto kiasi chake, shida inapukutika unga na inachafua mikono, na ukikuta injini ya kununua imepakwa silva mpya kote jiulize inaficha nini.

Rangi ya gari ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha), yaani 2K, juu ya epoksi ni nzuri sana kwa bloki, petroli haiigusi na mng'ao unadumu. Ila epoksi na 2K nyingi sio za kukaa jirani na tundu la ekzosi. Na hadena yake ina isosayaneti, inaharibu mapafu na inaweza kukuachia pumu ya kudumu, ile barakoa ya karatasi ya corona haikusaidii kitu, inatakiwa barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Huna hiyo, usipulize 2K nyumbani. Mpe mwenye chumba cha rangi.

Pati ya bodi kwenye bloki ili iwe laini kama yai, hapana. Itapasuka kwa kupanuka na kusinyaa, na ule mkwaruzo wa kalibu ndo sura ya injini ya zamani.

Mafuta ya breki nayo, yaani oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4, yakidondoka juu ya karibu rangi yoyote katika hizi yanaibabua, nyingine ndani ya dakika. Rangi ikiwa imenyanyuka kwa mstari wa mdondoko, fuata mstari kwenda juu utakuta mpira uliochoka.

Umemaliza, injini inang'aa, gari haliwaki

Stata inazunguka kwa uchovu kama betri imekufa, au geji ya joto haisogei kabisa, au taa ya oili haiwaki hata ukiwasha swichi. Hayo yametokea kesho yake baada ya kupaka? Basi umepaka rangi kwenye earth. Stata, sensa ya joto, swichi ya oili, vyote vinarudisha umeme kupitia mwili wa bloki, na rangi haipitishi umeme. Kwangua pale waya wa earth unapofungwa, uso wa stata unapokaa, na nyuzi za sensa (zile za kukazia), mpaka chuma cheupe kionekane, paka girisi kidogo kwa nje baada ya kukaza.

Kibao cha namba ya injini kifunike na tepu kabla ya kuanza. Namba hiyo iko kwenye kadi ya gari, na siku ya kuuza utakuwa unaikwangua na wembe mbele ya mnunuzi ambaye tayari anakutilia shaka. Nyuso za gasketi vilevile, rangi hapo inakuwa njia ya oili. Na ndani ya injini usipake chochote, kila ganda litakalotoka linaishia kwenye chujio la pampu ya oili.

Manifoldi ya ekzosi sasa, hapo ndo mahali pa lile kopo la nyuzi 650 lililobaki. Chuma kitupu, bila praima ya kawaida maana itaungua na kuondoka na rangi, koti nyembamba, na kuipasha hatua kwa hatua kwa injini yenyewe: washa dakika kumi ikiwa imesimama, zima ipoe kabisa, washa ishirini, zima, halafu nenda nayo safari fupi. Itatoa moshi na harufu ya kuchoma macho, fungua boneti na usikae ndani ya banda. Moshi huo unaisha safari ya pili au ya tatu. Ukiendelea kuuona baada ya hapo, hiyo ni oili inadondokea manifoldi kutoka kwenye tapeti kava, tafuta ile poda ya mtoto.